Maji nyuma ya ngoma ya sikio: leza au mrija?

Kati ya barua zilizotufikia mwezi huu, tatu zinahusu watoto wenye matatizo ya sikio la kati na habari za upasuaji wa leza ambazo wazazi wao wamezisikia. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu imegusa karibu kila jambo ambalo wazazi huuliza kliniki.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka mitano, na ninaishi Tanga. Tangu mwaka jana mwanangu anaongeza mno sauti ya televisheni, akiitwa haitiki mpaka aguswe bega, na mwalimu wake wa chekechea ameshaniambia kwamba ni mtoto mkaidi. Hana homa, halalamiki maumivu, na masikio hayatoi usaha. Hospitali moja ilimpima ikasema ana maji nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Amepewa dawa za kuua bakteria mara tatu, pamoja na matone ya sikio, lakini hali ni ile ile. Sasa mjomba wake aliyeko Marekani anasema huko kuna upasuaji wa leza unaotoboa ngoma ya sikio mara moja, bila kulazwa wala kupewa dawa ya usingizi, naye anashauri tuuze kiwanja ili mtoto apelekwe. Je, leza ndiyo tiba bora? Nikichelewa, mwanangu atakuwa kiziwi?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu najua ndilo linalokukosesha usingizi. Usikivu unaopungua kwa sababu ya maji haya kwa kawaida hurudi maji yakiisha, kwani sikio la ndani na neva ya usikivu havijaguswa. Hatari iliyopo ni ya aina nyingine. Mtoto wa miaka mitano yuko katika umri wa kukuza lugha na kuanza kusoma, na kila mwezi anaoupitisha akisikia nusunusu unamchelewesha, huku watu wazima wakimwadhibu kwa kosa ambalo si lake. Kwa hiyo usihofu uziwi, ila usikubali tena kungoja bila mpango. Kiwanja msikiuze, na sababu zake nitazieleza.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye vifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko wa sauti hadi sikio la ndani. Chumba hicho kinatakiwa kuwa na hewa, nayo huingia kupitia njia nyembamba inayokiunganisha na sehemu ya nyuma ya pua. Kila tunapomeza mate au kupiga miayo, njia hiyo hufunguka kidogo. Kwa mtoto mdogo njia hii ni fupi, imelala zaidi kuliko ya mtu mzima, na mara nyingi mlango wake umevimba kwa mafua au umebanwa na nyama za pua, yaani tezi zilizo nyuma ya pua. Hewa mpya isipoingia, ile iliyomo hufyonzwa na utando wa chumba, ngoma huvutwa kwa ndani, na utando huanza kutoa majimaji. Yakikaa miezi mingi, majimaji hayo hugeuka ute mzito wa kunata. Ngoma iliyoshikwa na ute haitikisiki vizuri, na usikivu hushuka kwa wastani wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 25 hadi 30 hivi. Mtoto wa namna hii husikia sauti yako ukiwa karibu naye, lakini katika darasa lenye kelele herufi nyepesi kama s, f na t humpita; aliyeambiwa achore taa huchora saa, na mwalimu huona utundu.

Sasa utaelewa kwa nini dawa hazikusaidia. Matone hayawezi kupenya ngoma isiyo na tundu, na mafuta ya nazi yenye kitunguu saumu ambayo majirani huyasifia hayafiki huko pia. Dawa za kuua bakteria zina kazi pale sikio linapokuwa na maambukizi ya ghafla, yaani homa, maumivu makali na ngoma nyekundu iliyovimba. Kwa maji yaliyotulia, chama cha madaktari bingwa wa masikio, pua na koo cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2016, kilishauri wazi kwamba zisitumike, wala dawa za mzio, wala za kuzibua pua, wala za jamii ya steroidi, kwa kuwa faida yake ni ndogo au haipo kabisa na madhara yake yapo. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nchini kwetu chupa ya dawa hupatikana kwa urahisi kuliko kipimo cha usikivu, na mwanao amemeza dozi tatu kabla ya mtu yeyote kupima anasikia kiasi gani.

Mwongozo huo huo unashauri kusubiri miezi mitatu kabla ya kufikiria upasuaji, mradi mtoto hana tatizo jingine. Ushauri huo si uzembe. Takribani watoto 9 kati ya 10 hupata maji haya angalau mara moja kabla ya kuanza shule, na kwa wengi hukauka yenyewe ndani ya miezi hiyo mitatu. Wasiotakiwa kusubiri hivyo ni watoto ambao kwa hali yao wanaumizwa zaidi na upungufu wa usikivu: waliozaliwa na mpasuko wa kaakaa, wenye ugonjwa wa Down, waliochelewa kuzungumza, wenye upofu, au waliokuwa na uziwi wa aina nyingine tangu awali. Mwanao hayumo katika kundi hilo kwa jinsi ulivyoeleza, lakini dalili zake zimeanza mwaka jana, na maji ya masikio yote mawili yaliyovuka miezi mitatu huondoka kwa shida.

Kuhusu leza, mjomba hajakudanganya. Leza ya kaboni dioksidi, iliyobuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel katika maabara za Bell nchini Marekani, hukata kwa kugeuza maji yaliyomo ndani ya nyama kuwa mvuke, na mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Marekani na Ulaya walianza kutumia mashine ndogo zilizotengenezwa mahususi kwa ngoma za masikio ya watoto. Sikio hujazwa kwanza dawa ya ganzi na kuachwa hadi ngoma ife ganzi. Kisha mtoto hulala chali, kichwa hushikwa kisitikisike hata kidogo, daktari huangalia kupitia lenzi, na kwa sehemu ndogo ya sekunde mwale huchora duara lenye upana wa milimita 2 hivi. Damu haitoki, au hutoka kidogo sana, kwa sababu joto hufunga mishipa ya ukingoni. Maji hufyonzwa, na mtoto huenda nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa mzazi anayeogopa nusu kaputi, hayo ni maelezo ya kutia moyo sana.

Swali la msingi, hata hivyo, ni muda ambao tundu hubaki wazi, na hapo ndipo mambo yanapobadilika. Kutoboa ngoma si jambo jipya. Mwaka 1801, mjini London, daktari Astley Cooper alieleza jinsi alivyowatoboa wagonjwa wake wakapata kusikia. Tatizo lake lilikuwa kwamba tundu liliziba na usikivu ukapotea tena. Tundu la kisu hufunga ndani ya siku chache. Katika karne ya 19 Adam Politzer wa Vienna alijaribu kuweka kipete cha mpira mgumu ili kulizuia lisifunge, na mwaka 1954 Beverly Armstrong wa Marekani alirejesha wazo hilo kwa kutumia mrija mdogo wa plastiki, ambao ndio mzazi wa mirija tunayoitumia leo. Mrija wa kawaida hukaa miezi 6 hadi 18, kisha ngoma inavyokua huusukuma nje wenyewe. Tundu la leza, kwa kuwa kingo zake zimeungua, huchelewa kufunga kuliko la kisu, lakini huchelewa kwa wiki chache tu.

Wiki hizo hazitoshi kwa ugonjwa sugu. Watu wengi hudhani tundu linawekwa ili maji yatoke. Kazi yake kubwa ni kuingiza hewa. Ukitoboa kopo la maziwa tundu moja, maziwa hutoka kwa kusuasua, na ukitoboa la pili hewa ikaingia, hutiririka. Sikio la mwanao limekosa njia ya hewa kupitia puani, nalo linahitaji njia ya pili kwa miezi mingi, mpaka utando wa chumba upone na njia ya asili ianze kufanya kazi. Tundu likizibika kabla ya hapo, maji hurudi. Mwaka 2004 madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti mzuri kwa sababu ya ulinganifu wake: watoto 208 wenye maji masikioni walitobolewa sikio moja kwa leza na kuwekewa mrija katika sikio la pili, hivyo kila mtoto akalinganishwa na yeye mwenyewe. Matundu ya leza yalifunga kwa wastani baada ya wiki 2.4. Katika ufuatiliaji wa miezi sita, masikio ya leza yaliyofanikiwa yalikuwa asilimia 40, na ya mrija asilimia 78. Kwangu mimi takwimu hizo zinatosha kusema kwamba kwa mtoto mwenye maji sugu masikio yote mawili, leza peke yake si tiba ya kuvukia bahari. Ina nafasi yake kwa wachache, kwa mfano mgonjwa ambaye dawa ya usingizi ni hatari kwake, au mtu anayehitaji tundu la muda mfupi tu.

Lipo jambo jingine ambalo leza haiwezi kabisa. Je, mwanao hukoroma na kulala mdomo wazi? Kama ndivyo, huenda nyama za pua zimekua na zinaziba mlango wa njia ya hewa. Kwa watoto wa miaka 4 na zaidi, kuondoa nyama hizo hupunguza uwezekano wa maji kurudi, na kazi hiyo hufanywa mtoto akiwa amelala kwa dawa, pamoja na uwekaji wa mirija. Hata katika kufyonza ute, mtoto aliyelala ana nafuu. Ute wa miezi mingi hauchuruziki. Mpira wa kufyonza huushika na kuuvuta polepole kama uzi wa manjano, ukipiga kelele kubwa sana ndani ya sikio, na mtoto wa miaka mitano aliye macho huogopa na kutikisa kichwa kabla kazi haijaisha.

Nifanye nini basi, utauliza. Omba rufaa ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza zote zina idara hiyo, na kwako wewe Moshi haiko mbali. Ukifika, omba vipimo viwili: kipimo cha usikivu, kinachoonyesha desibeli ngapi zimepotea kwa kila sikio, na timpanometri, ambapo mpira laini huziba sikio kwa sekunde chache na mashine kuchora mstari, mstari ukiwa bapa na tundu la sikio halijazibwa na nta, ngoma imeshikwa na maji. Vikithibitisha kwamba maji yapo pande zote mbili na usikivu umeshuka, mwanao anastahili mirija, na upasuaji wenyewe huchukua dakika 10 hadi 15. Hauhitaji leza. Unahitaji darubini ya upasuaji, kisu kidogo, mirija na mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto. Uliza mapema kama mirija ipo au mnatakiwa kuinunua, na kama bima yenu inagharamia.

Mirija nayo ina kasoro zake. Baadhi ya watoto hutokwa na majimaji sikioni kwa muda, na hapo matone hufanya kazi vizuri kwa sababu njia ya kupitia ipo; wengine hubaki na kovu jeupe kwenye ngoma, ambalo kwa kawaida halizuii kusikia; na kwa wachache, takribani watoto 2 kati ya 100 kwa mirija ya muda mfupi, tundu halifungi lenyewe na huhitaji kuzibwa baadaye. Hayo yote daktari wako anapaswa kukueleza kabla hujatia sahihi.

Wakati unasubiri tarehe, kipo kitu kimoja chenye ushahidi ambacho mtoto wa umri wake anaweza kukifanya. Ni puto maalumu lenye kichwa cha plastiki, ambalo hupulizwa kwa tundu moja la pua huku jingine likibanwa, mara tatu kwa siku. Katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 uliohusisha watoto 320 wa miaka 4 hadi 11, waliotumia puto waliopona baada ya mwezi mmoja walikuwa asilimia 47.3, na wasiotumia asilimia 35.6. Faida ni ndogo, lakini haina sumu wala kisu. Msitumie puto la kawaida la sherehe, maana halina kile kichwa kinachokaa puani.

Na kesho asubuhi, kabla ya yote haya, nenda shuleni. Mwombe mwalimu amketishe mbele, amwite jina na kumtazama usoni kabla ya kumpa maelekezo, na asimchape kwa kutoitika. Nyumbani zimeni televisheni mnapozungumza naye, mkae usawa wa macho yake, msomeeni hadithi mkiwa karibu. Kama kuna mvutaji wa sigara nyumbani, avutie mbali na mtoto, kwa kuwa moshi huongeza tatizo hili.

SWALI: Asalaam aleikum Daktari. Binti yangu ana miaka minane, tunaishi Kilifi. Sikio lake la kulia limetoa usaha kwa vipindi kwa zaidi ya mwaka, na wakati mwingine unanuka. Je, leza hiyo ya watoto inaweza kuukausha?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ugonjwa wa binti yako ni mwingine. Usaha unaotoka nje kwa zaidi ya wiki mbili unaonyesha kwamba kwa karibu watoto wote wa namna hii ngoma tayari ina tundu, kwa hiyo kumtoboa tena kwa leza au kwa kisu hakuna maana yoyote. Ugonjwa huu ni wa kawaida sana katika nchi zetu, na tiba yake ya mwanzo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: sikio likaushwe mara kadhaa kwa siku kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa, kikiingizwa na kutolewa mpaka kitoke kikavu, kisha yawekwe matone ya siprofloksasini kama daktari atakavyoandika, ambayo Shirika la Afya Duniani linayapendekeza kwa wiki mbili. Vidonge vya kumeza peke yake husaidia kidogo tu. Asiogelee, na maji ya kuoga yasiingie sikioni.

Harufu ndiyo inayonifanya nikuombe usiishie kwenye matone. Usaha unaonuka na kurudi kila mara unaweza kumaanisha kwamba ngozi imeota ndani ya sikio la kati na inakula mifupa, na hilo lina upasuaji wake. Daktari wa masikio lazima asafishe na kuangalia kwa darubini. Na ukiona uvimbe nyuma ya sikio, kichwa kinachouma sana, kizunguzungu, shingo kukakamaa au uso kupinda upande mmoja, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Sisi ni Watanzania tunaoishi Columbus, Ohio. Mtoto wetu wa miaka miwili ana maji masikio yote mawili na amechelewa kuzungumza. Daktari wa hapa anataka kumwekea mirija kwa usingizi, nasi tumesoma kwamba dawa ya usingizi huharibu ubongo wa watoto. Tuombe leza? Na je, tukija Zanzibar likizo ataruhusiwa kuogelea baharini?

JIBU: Salama, ndugu zangu. Mlichosoma chanzo chake ni onyo la mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, la Desemba 2016, na linahusu watoto wa chini ya miaka mitatu wanaopewa usingizi kwa zaidi ya saa tatu, au mara nyingi. Mirija huwekwa kwa dakika chache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia zaidi ya watoto wachanga 700 waliofanyiwa upasuaji wa ngiri katika nchi saba, haukuona tofauti ya akili walipofika miaka mitano kati ya waliopewa usingizi mara moja kwa chini ya saa moja na waliopewa ganzi tu. Mtoto aliyechelewa kuzungumza na asiyesikia vizuri anapoteza mengi kwa kungoja, nami ningekubaliana na daktari wenu.

Mkitaka kabisa kukwepa usingizi, msiulizie leza. Ulizieni mfumo uitwao Tula, ambao FDA iliuidhinisha Novemba 2019 kwa watoto wa kuanzia miezi sita. Mkondo hafifu wa umeme husukuma dawa ya ganzi ndani ya ngoma, kisha kifaa kidogo hutoboa na kuacha mrija kwa tendo moja. Faida yake juu ya leza ni huo mrija unaobaki. Haupatikani kila hospitali, na mtoto wa miaka miwili lazima ashikwe imara, kwa hiyo muulizeni daktari amewafanyia wangapi wa umri huo na kwa wangapi alilazimika kuacha.

Baharini aogelee. Mwongozo wa Marekani hauagizi tena kuziba masikio kwa kila mtoto mwenye mirija. Maji ya juujuu hayapiti kwa urahisi kwenye tundu dogo kiasi hicho. Tumieni vizibo akipiga mbizi, akiingia kwenye ziwa au dimbwi la maji machafu, au kama sikio liliwahi kutoa majimaji baada ya kuoga. Kwenye ndege hatapata shida, kwa kuwa mrija husawazisha hewa wenyewe. Kabla ya safari hakikisheni usikivu wake umepimwa upya baada ya mirija kuwekwa, na cheti cha kipimo hicho mje nacho.